Siku ya Lava Tower: kwa waongozaji wasaidizi wapya

Msimu huu nimewatazama waongozaji wasaidizi wapya wakiingia kambi ya Barranco, Kilimanjaro, na wageni wao, na nimejikuta nikitikisa kichwa, kwa kuwa makosa ninayoyaona ni yale yale tuliyoyafanya sisi, na hata visingizio havijabadilika. Wadogo zangu, mnajituma, lugha za wageni mnazijua kuliko tulivyozijua sisi, na kuimba mnaimba vizuri pia. Ila siku ya tatu ya njia ya Machame hamjaielewa. Mnatoka Shira, takriban mita 3,840, mnapanda hadi Lava Tower, lile jabali refu kama mnara, takriban mita 4,600, kisha mnashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mkishapiga picha mnarani na kula chakula cha mchana, mnateremka kama watu waliomaliza kazi. Kazi ndiyo kwanza inaanza hapo, maana kupanda juu na kulala chini kuna faida mbili: mwili wa mgeni unazoea hewa nyepesi, na wewe unapata nafasi ya kuona nani anapata nafuu anaposhuka na nani hapati.

1. Mgeni mzima asipitishwe njia ya chini, ile isiyofika mnarani. Ile ni ya wagumu, yaani wapagazi wetu, ambao wana kilo 20 za mzigo na mahema ya kusimamisha kabla hatujafika. Mkimpitisha huko mtu aliyechoka tu, kwa huruma, mnamnyima zoezi ambalo atalitafuta usiku wa kwenda kileleni asilipate. Mgonjwa ni habari nyingine: huyo hapandishwi mnarani kwa sababu yoyote ile.

2. Koti la mvua na koti la baridi viwe kwenye begi dogo la mgeni mwenyewe, kwa kuwa begi kubwa wakati huo liko mbali mbele yenu.

3. Wakati wa kushuka, mzoefu kuliko wote akae nyuma. Najua mnapenda kuongoza mbele, kwa sababu wa mbele ndiye anayeonekana kwenye picha.

4. Maumivu ya kichwa pale Lava Tower si habari. Mgandamizo wa hewa pale haufiki asilimia 60 ya ule wa usawa wa bahari, na wageni wengi huinamia supu yao wakijuta. Habari ni pale maumivu yanapogoma kuondoka, au yanapokuja na mwenzake. Hilo nililikariri darasani, nikafaulu mtihani, kisha nikalisahau siku lilipohitajika, nami nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa kila msimu namwona mmoja wenu akielekea huko huko.

Nilikuwa na mgeni mcheshi, wa kwanza kucheka kila nilipotania. Baada ya chakula pale mnarani akalalamika kichwa, nikampa dawa ya maumivu. Mawingu yakashuka, mvua ya barafu ikaanza, kila mtu akavaa koti. Yeye alisimama akijaribu kuunganisha zipu. Akakosa, akajaribu tena, akakosa, huku akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nikamfungia. Akaniambia vidole vina ganzi, nami, kwa kuwa nilijua anatumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na kwamba Diamox huleta ganzi ya vidole, nikamjibu kwa ujuzi mwingi kwamba ni dawa tu. Ningemtembeza hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma yake, ningepata jibu kabla mpishi hajafunga sufuria. Sikufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa nawaza mvua.

Njiani aliyumba, nikalaumu mawe. Akanyamaza, yule mcheshi, nikalaumu uchovu. Tulipoifikia mimea mirefu ya senesio, karibu na kambi, akasema kichwa kimepungua, nami nikafurahi, bila kukumbuka kwamba iliyokuwa ikizungumza ni dawa niliyompa mwenyewe. Jioni nikaandika kwenye daftari kwamba anaendelea vizuri.

Aliyenizindua ni kijana wa kuhudumia meza, mgeni kabisa kazini. Alikuja hadi hema la jikoni akasema kwa woga, “Kaka, yule mgeni ananawa nje ya beseni.” Nilitaka kumkaripia kwa kuwasema wageni, lakini nikaenda. Maji yalikuwa yanamwagika ardhini, kama shibiri moja kutoka kwenye beseni, naye anasugua sabuni kwa utulivu kabisa. Nikamtembeza kwenye mstari. Hatua ya tatu akaliangukia hema. Dalili za ubongo kuvimba zilikuwa wazi, na zilikuwa wazi tangu kwenye zipu. Tukamwekea oksijeni, wagumu waliokwisha kuvua viatu wakavivaa tena, machela ikatolewa, na usiku huo huo tukamteremsha kwa tochi za kichwani. Kadiri tulivyoshuka ndivyo akili ilivyomrudia, na alfajiri akaomba chai. Wagumu hawakunitupia hata neno moja la lawama, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Kwa hiyo dawa ya maumivu toeni, lakini andikeni saa mliyoitoa, na anayesema yuko sawa huku dawa ikiwa bado inafanya kazi atembezwe kwenye mstari kabla ya chakula cha usiku. Wasikilizeni pia wanaobeba maji na sahani, kwa sababu wao humwona mgeni wakati hajijui kwamba anatazamwa.

5. Kipima oksijeni hudanganya kwenye kidole cha baridi. Mgeni apumzike kwanza, ashike kikombe cha moto, ndipo mpime. Nawaona mkikibana kidoleni mara tu mtu anapovuka kibao cha kambi, kisha mnanijia mbio na tarakimu ya kutisha, na nyuma yenu mgeni mwenyewe anauliza bisi ziko wapi. Tarakimu ya huyo itapanda akishapata joto. Nitafutieni yule ambaye tarakimu yake ni nzuri na bisi hazitaki.