Piga picha ya pili, mwanangu

Marahaba, mwanangu. Picha yako ya galaksi ya NGC 1365 imefika, na ile nukta uliyoizungushia duara, unayodhani ni supanova, nyota inayolipuka, nimeiona. Umeuliza utume ripoti usiku huu kabla darubini za roboti hazijakuwahi, au usubiri. Mimi nataka kwanza kujua umepiga picha ngapi.

Maana picha moja haishuhudii kitu. Usiku wa galaksi ya M66 unaukumbuka, baba yako ameshapiga simu hadi kwa shangazi yako Tanga. Nukta ilikaa pembeni mwa galaksi, kali, nzuri. Dakika arobaini baadaye ilikuwa imehama. Asteroidi, jiwe linalozunguka jua. Baba yako hakusema neno mpaka asubuhi, na mimi hadi leo nikiona Asadi, kundinyota la M66, inachomoza moyo unanichoma, kwa sababu aliyekuwa kwenye darubini ni mimi. Asteroidi ya ukanda mkuu, ikiwa mkabala na jua, husogea kama nusu sekunde ya tao, kipimo kidogo cha pembe angani, kila dakika. Ndani ya dakika 20 imehama sekunde 10 hivi za tao, na kwa kamera yako hizo ni pikseli zaidi ya kumi. Dakika ishirini tu zingetosha.

Utasema Tanuri, kundinyota la galaksi yako, iko mbali na njia ya jua, asteroidi huko ni haba. Kweli, na hilo linakupa nguvu. Lakini haba si hakuna. Ingia kwenye tovuti ya Minor Planet Center, wanaosajili asteroidi, weka majira-nukta, yaani mahali pake angani, na saa, uone kama kuna jiwe linalojulikana limepita hapo.

Kisha piga picha kumi za sekunde 60 kila moja, na kati ya picha na picha sogeza darubini kidogo. Pikseli bovu hubaki palepale kwenye chipu wakati nyota zinahama. Nukta ya kweli huhama pamoja na nyota. Mwale wa kosmiki, chembe ya kasi kutoka angani, hupiga picha moja, iliyofuata haina. Ukijumlisha picha kabla ya kuzitazama moja moja, umejifichia ushahidi mwenyewe.

Kazi ngumu ni picha za zamani. Mikono ya NGC 1365 imejaa mawingu ya hidrojeni yanayong'aa, na fokasi ikiwa nzuri kuliko kawaida yako, wingu hujikaza likaonekana nyota. Kwa hiyo linganisha na picha iliyopigwa kwa kichujio kilekile. Sahani za picha za zamani za buluu hazionyeshi mawingu hayo kama zile nyekundu. Tafuta pia kwenye katalogi ya nyota ya satelaiti ya Gaia, isije ikawa nyota ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, iliyosimama mbele. Na angalia tarehe ya picha unayolinganisha nayo: galaksi hiyo ilitoa supanova 1957, 1983, 2001 na 2012, kwa hiyo picha ya mwishoni mwa 2012 ina mgeni wake, karibu na kiini.

Saa nayo. Usiandike saa yetu. Saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne ni 23:00 ya Jumatatu kwa UTC, saa ya dunia nzima, na ukikosea tarehe, atakayeelekeza darubini kubwa atakuta habari zako hazilingani na za wengine.

Umesema mwangaza ni mag 15.6, na namba ikiwa ndogo ndipo kitu kinapong'aa zaidi. Galaksi iko kama miakanuru milioni 60, na supanova ya aina Ia kwa umbali huo hufika mag 12 hivi. Basi yako ama ndiyo kwanza inapanda, ama ni ya aina II, ambayo kwa kawaida ni hafifu zaidi, ama umepima na mwanga wa mkono wa galaksi ndani yake. Pima tena, duara dogo, na mwanga wa nyuma uuchukue pembeni yake kwenye mkono uleule.

Hapo ndipo naanza kubishana na nafsi yangu. Tarehe 21 Januari 2014, mwanaastronomia Steve Fossey alikuwa na wanafunzi wanne kwenye kituo cha Mill Hill, London. Mawingu yanakuja, somo limefupishwa, anawaonyesha tu kamera inavyofanya kazi kwa darubini ya sentimita 35. Akaelekeza galaksi ya M82, akaona nyota isiyokuwepo. Ndiyo supanova SN 2014J. Na mwanga huo ulikuwa umeshaingia kwenye picha za watu wengine karibu wiki nzima, wao hawakuona. Kwa hiyo kuchelewa nako kunagharimu. Lakini Fossey naye, mawingu yakiwa yanamkimbiza, aligeukia darubini ya pili kabla ya kutangaza. Picha moja haishuhudii kitu, hata kwa mwalimu wa chuo kikuu.

Ripoti inakwenda Transient Name Server, ndipo Umoja wa Kimataifa wa Astronomia unapopokelea. Utapewa jina linaloanza na AT. Halitageuka SN, yaani supanova iliyothibitishwa, mpaka mtu apate spektra, mwanga uliotawanywa rangi zake: silikoni karibu na nanomita 615 ni aina Ia, mstari mpana wa hidrojeni karibu na 656 ni aina II. Hilo si la darubini yetu, na wala usione haya.

Unataka niseme ni supanova. Ulimi unaniwasha, nimeitazama nukta yako mara tano tangu magharibi, umbo lake ni la nyota kabisa, na mahali ilipo... hapana. Sitasema. Galaksi inafika juu kabisa baada ya saa sita usiku. Zile kumi zikikubaliana, na dakika ishirini zikipita haijahama, na picha za zamani hazina, tuma palepale bila kuniuliza. Kisha nitumie faili zenyewe za FITS, zilivyotoka kwenye kamera, siyo kwa WhatsApp kama picha, inakamua mpaka nukta hafifu zinafutika.

Simu yangu siizimi.

Mama yako