Binti kuishi kwa kuchomelea vyuma huku Mtwara: jibu kwa mdogo wangu wa Masasi

Mdogo wangu wa Masasi ameuliza mawili: binti aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuishi kwa kuchomelea hapa kusini bila kukimbilia Dar? Na ile sanaa ya vyuma anayoiona kwenye simu ina wateja huku? Walionitangulia kumjibu wengi wamemshauri akasomee ushonaji. Mimi nina karakana Mtwara mjini, nina watoto, na ada zao zinatoka kwenye chuma. Naomba nijibu kwa kirefu.

Kuishi utaishi. Na wateja wa sanaa wapo, ila wenyewe hawajijui kama ni wateja wa sanaa. Hakuna atakayeshuka kwenye bodaboda aseme anataka sanamu ya kuweka sebuleni. Atakuja kuulizia geti. Atakuja na vipimo vya grili kwenye kipande cha boksi. Sasa hapo hapo ndipo uiingize sanaa yako. Kila mteja wa geti namuuliza, "Nikuwekee mistari mitupu au nikutilie kitu?" Wengi hucheka, halafu wanauliza kitu gani.

Kinachotoka zaidi kwangu ni tawi la mkorosho. Nondo ya milimita 10 naibana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, naikunja kidogo kidogo kufuata mchoro niliouchora kwa chaki sakafuni. Majani nayakata kwenye shiti na kuyapiga mshipa wa katikati kwa patasi. Bibo, lile tunda linaloshika korosho, ni vipande viwili vya shiti vilivyogongwa juu ya gogo lenye shimo hadi vikabonyea, kisha navikutanisha na kuvichomelea pembeni. Korosho yenyewe ni nondo nene iliyopinda, nimeisaga na grenda ikachongoka. Ule mshono kwenye bibo siufuti, naupiga brashi ya waya tu na kuuacha uonekane. Mtu wa Newala akiliona hilo geti haulizi tena bei ya jirani.

Kwetu Wamakonde kuchonga mpingo ilikuwa kazi ya wanaume, wanawake tukafinyanga vyungu. Wazee kadhaa wamenikumbusha hilo wakiwa wamesimama mlangoni kwangu, halafu mmoja wao akaagiza kitanda. Huko nje, Sokari Douglas Camp, mama wa Kinigeria aliyezaliwa Buguma mwaka 1958, amejijengea jina kubwa kwa sanamu za chuma cha kuchomelea, na kazi yake imo hadi British Museum kule London. Mtafute uone chuma kinavyoweza kuvaa nguo na kucheza ngoma.

Kuhusu kujifunza: chuo cha ufundi stadi cha VETA Mtwara kipo na Lindi kipo. Nenda, lakini jioni na likizo shinda kwa fundi wa mtaani, kwa sababu chuoni hutafundishwa namna ya kumdai mteja. Na kama tayari umejifunzia mtaani, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa, unapewa cheti. Ukitaka kazi za viwandani, za saruji au za gesi, bila cheti hata getini hupiti.

Kumdai mteja ni somo zima hapa kwetu. Fedha za mikoa hii zinafuata korosho. Minada inaanza Oktoba, mkulima analipwa kupitia benki baada ya mzigo wake kuuzwa, na hapo kila mtu anakumbuka kujenga. Agosti na Septemba watakujia kwa maneno matamu: "Nifungie tu dada, nikiuza nakulipa." Usifunge. Chukua malipo ya awali yanayotosha chuma chote, rodi za kuchomelea, disiki za grenda na rangi, ili inayobaki nje iwe nguvu zako tu. Mwenye hasira akaende kwa mwingine. Miezi ya kiangazi cha mfuko, nadhani mnanielewa, tengeneza vitu vidogo vya kuuza taslimu: majiko, stendi za maua, meza za mama lishe. Au kusanya minyororo na sproketi chakavu kwa mafundi pikipiki, utengeneze ndege, samaki, kaa. Nane Nane ya kanda yetu iko Ngongo, Lindi. Vitu hivyo vibebe kule, na picha za mageti yako zikae mezani, maana anayenunua kaa leo ndiye anayejenga Novemba. Ila chuma chakavu ujue kimetoka wapi, kisije kikawa cha wizi. Ukiletewa mfuniko wa chemba, mkatae aliyeuleta.

Na tangi la pikipiki lililokaa petroli usiliguse na moto, hata likionekana kavu. Mvuke unabaki, na unalipuka.

Mavazi sasa, maana wanaume hawatakwambia. Dera usiingie nalo karakana, cheche ikitua linayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Hijabu iwe ya pamba, fupi, ncha zimechomekwa ndani. Ngao ya uso kila mara, hata kwa kushikiza nukta moja. Ule mwanga hauumi papo hapo. Unalala vizuri, usiku wa manane macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Bomba la mabati lisage kwanza pale utakapounga na ukae upande unakotoka upepo, moshi wake unaleta homa. Mambo ya kunywa maziwa eti yanaondoa moshi kifuani waachie wenyewe.

Huku pwani chumvi ya bahari ndiyo mpinzani wako. Geti la Shangani, mtaa wetu wa ufukweni, linaanza kuoza chini, kwenye bawaba na kwenye maungio yaliyopakwa rangi juu ya gamba la rodi, ule ukoko unaobaki juu ya mshono. Gonga gamba lote, piga brashi, paka redoksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya rangi yenyewe, ziba midomo ya mabomba. Rodi zako nazo zitunze kwenye kopo lenye mfuniko, unyevu wa hapa unaziharibu.

Mtaji: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako wanaofanya kazi kweli. Mashine ya kuchomelea unaweza kuanza kwa kukodi kwa siku. Grenda nunua yako, na kabla ya kulipa uiwashe dukani uisikilize inavyozunguka.