Jibu: Mataruma ya zege kwa reli ya Mtwara, anza na klipu kabla ya nondo

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una karakana ya kufyatua matofali, makalavati na nguzo za uzio hapo Mtwara mjini, na kwamba unataka kujiandaa mapema kumwaga mataruma ya zege (zile boriti fupi zinazolazwa chini ya reli) kwa ajili ya reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Umeuliza mambo matatu: kama nondo sita za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi, kama tunavyofunga linta, zinatosha; kama bolti zinaweza kuzamishwa kwenye zege ili zishike reli; na kama kokoto za mawe ya matumbawe zinazopatikana jirani zinafaa. Nilifanya kazi katika kiwanda cha mataruma ya zege, kwanza upande wa kumwaga na baadaye upande wa kupima ubora, kabla ya kurudi nyumbani Lindi. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine.

Taruma lina kazi zaidi ya kubeba uzito. Ni lazima lishike umbali kati ya reli mbili usibadilike, na liizuie reli isitembee mbele, nyuma, kando wala juu. Boriti yoyote nzuri itabeba uzito, lakini kushika reli kunategemea sehemu ndogo ya zege, pale reli inapokalia, pamoja na vyuma vilivyozamishwa pande zake mbili. Ndiyo maana msanifu mzoefu huanza kuchora kiti cha reli na klipu zake, yaani vibano vinavyoishika reli hapo, kisha hulijenga taruma kuzunguka hapo.

Fikiria jua letu la Novemba kabla mvua hazijaanza. Reli za siku hizi huchomelewa zikawa kipande kimoja kirefu kisicho na nafasi ya kutanuka, kwa hiyo joto linapopanda chuma hubaki kimebanwa. Kwa reli yenye uzito wa kilo 54 kwa mita, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka juu ya joto lililokuwapo reli ilipofungwa huzaa nguvu ya takriban kilonyutoni 17 (karibu tani 1.7) ndani ya reli hiyo. Joto la chuma likizidi lile kwa nyuzi 30, jambo linaloweza kutokea pwani ya kusini, nguvu hiyo hufika karibu tani 50 kwa reli moja. Nguvu hiyo inatafuta pa kutokea, na vinavyoizuia ni uzito wa mataruma, kokoto zilizoyazunguka, na klipu zinazoibana reli. Klipu zikilegea, reli huteleza juu ya mataruma na kujikusanya mahali pamoja, na hapo ndipo njia hupinda ghafla kama nyoka mbele ya treni.

Sasa bolti. Bolti ngumu iliyozamishwa kwenye zege, yenye nati na sahani ya chuma, huonekana imara siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba reli huinuka kidogo mbele ya gurudumu, hushuka gurudumu linapopita, kisha huinuka tena nyuma yake. Bolti isiyo na springi hupokea kila mvuto huo moja kwa moja, nati hulegea, maji huingia kwenye nyuzi za bolti, na hewa ya chumvi ya bahari humaliza kazi. Bolti ikikatikia ndani ya zege, taruma zima limekufa kwa sababu huwezi kuibadilisha. Klipu ya springi, kama ile iliyobuniwa na Mnorwe Per Pande-Rolfsen miaka ya 1950 na ambayo dunia inaijua kwa jina la Pandrol, hukandamiza unyayo wa reli kwa nguvu ya kilonyutoni 10 hivi kila moja na huifuata reli inaposhuka, kwa hiyo mbano haupotei. Wajerumani wanatumia skrubu inayoingia kwenye dubeli, yaani ala ya plastiki iliyozamishwa katika zege, lakini hata hapo kinachobana reli ni springi, na dubeli hiyo inaweza kubadilishwa. Kwa hiyo bolti peke yake sikushauri.

Klipu ya Pandrol hushikwa na kishikizo cha chuma cha kusubu, chenye shina linaloingia ndani ya zege. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi wa kazi yangu. Mataruma humwagwa yakiwa yamepinduliwa, kiti cha reli kikiwa chini kabisa ya kalibu (umbo la chuma la kumwagia zege), ili uso wa kiti utoke laini kama chuma cha kalibu na mapovu ya hewa yapande upande ambao baadaye utalala kwenye kokoto. Vishikizo hupachikwa kwenye matundu ya kalibu kabla ya zege kuingia. Kalibu ikichakaa, tundu hulegea, rojo la saruji huvuja pembeni mwa shina, na baada ya kufungua unakuta kishikizo kimezungukwa na kokoto kavu zisizoshikana. Kwa macho unaweza usione kitu. Tulikuwa tunapita na nyundo ndogo, tunagonga kila kishikizo mara moja: kilichoshikwa vizuri hulia kwa sauti kali na fupi, kilicho na uwazi hutoa sauti ya mtungi. Lile la sauti ya mtungi liliwekwa rangi nyekundu na kutengwa hata kama vipimo vingine vyote vilikuwa sawa. Viwango vya Ulaya vinataka kishikizo kivutwe kwenda juu kwa kilonyutoni 60 bila zege kupasuka wala chuma kulegea, na kisicho na rojo hakifiki huko.

Umbali kati ya vishikizo ndio unaoamua upana wa njia. Kwa reli ya milimita 1,435, kosa linaloruhusiwa kwenye taruma ni milimita moja au mbili tu, na kiti lazima kiinamie ndani kwa kipimo cha 1 kwa 20 au 1 kwa 40 kulingana na usanifu wa njia. Kalibu za mbao, au za bati lililokunjwa kwa mkono kama zile za nguzo za uzio, haziwezi kutoa usahihi huo baada ya kutumika mara chache. Kati ya reli na zege huwekwa pedi ya mpira au plastiki ngumu, na kati ya klipu na reli huwekwa kipande cha nailoni kinachozuia umeme wa ishara usivuje. Usiione pedi kama kitu cha kupunguzia gharama. Pedi ikichakaa, mchanga na maji huingia chini ya reli na kusaga zege, na mchanga ni kitu ambacho Mtwara haina upungufu nacho.

Nije kwenye nondo zako sita. Taruma la zege la njia hiyo huwa na urefu wa mita 2.6, na katikati ya reli iko takriban milimita 550 kutoka mwisho wa taruma. Hapo chini ya reli ndipo zege huvutwa zaidi upande wa chini. Nondo ya milimita 12 inahitaji kuzama kwenye zege kiasi cha mara 40 ya unene wake, yaani milimita 480 hivi, kabla ya kufanya kazi kwa nguvu yake yote. Maana yake karibu urefu wote uliopo unakwisha kwa kuishika nondo tu. Ukisema uongeze unene uweke milimita 16, unahitaji milimita 640 na huna. Kunja ncha ukitaka, utapata nafuu kidogo, lakini bado hujagusa tatizo kubwa: zege lenye nondo za kawaida hupasuka ili nondo ianze kufanya kazi. Kwenye linta ya mlango ufa mwembamba hauna shida, kwani mzigo umetulia. Kwenye taruma ufa huo hufunguka na kufunga kila ekseli inapopita, hunyonya maji yenye chumvi na vumbi, na mshiko wa nondo na zege husagika taratibu.

Mzigo wenyewe si mdogo. Reli yetu ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilisanifiwa kwa tani 35 kwa ekseli. Gurudumu moja ni tani 17.5, na takriban nusu yake hutua kwenye taruma lililo chini yake, nyingine hugawanywa na majirani. Kisha weka mgongano wa gurudumu lenye bapa au kiungo kibaya. Mwongozo wa Marekani unauzidisha mzigo huo mara tatu, na unajikuta na tani 26 kwenye kiti kimoja cha reli. Ndiyo maana mataruma ya njia kuu hutumia nyaya nyembamba za chuma kikali, za milimita 5 hadi 7 na zenye vijishimo juu yake, zinazovutwa kwa jaki kabla zege halijamwagwa na kuachiwa zege likishakuwa na nguvu ya kutosha. Nyaya zikijaribu kurudi, hulibana zege, na ufa unaojitokeza kwa mgongano hujifunga wenyewe mzigo ukipita. Nyaya ni nyembamba na nyingi kwa sababu ile ile ya urefu wa kushika niliyoitaja juu ya nondo.

Ipo njia ya kati, nayo ni taruma la vipande viwili vya zege vyenye nondo, vilivyounganishwa kwa bomba au pembe ya chuma, ambalo Mfaransa Roger Sonneville alilieneza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Halina tatizo la kupasuka katikati, na kwa njia fupi ndani ya machimbo au uwanja wa mizigo linaweza kumwagwa na karakana makini kama yako. Hofu yangu kwa Mtwara ni ile pembe ya chuma ya katikati, ambayo inalala kwenye kokoto zenye unyevu na chumvi, na kama mzigo ni makaa ya mawe yanayoshuka bandarini kutoka Ruvuma, vumbi lake lenye salfa litaongeza kutu.

Kuhusu kokoto za matumbawe, hapana. Ni laini, zina vinyweleo vinavyokunywa maji, na nyingi zimebeba chumvi tangu zilipokuwa baharini. Zege la taruma linatakiwa lifike nguvu ya megapaskali 50 au zaidi likikandamizwa, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa nyaya zilizovutwa, kwa kuwa waya mwembamba wenye mvuto mkubwa hukatika kwa kutu ndogo ambayo nondo ingeivumilia miaka. Sisi tulishikilia kloridi isizidi asilimia 0.1 ya uzito wa saruji, tukihesabu mchanga, maji na kemikali zote pamoja. Mchanga wa ufukweni uache kabisa hata kama umeoshwa; mchanga wa mto Lukuledi, mbali na mahali maji ya bahari yanapopanda, unaweza kupimwa. Kwa kokoto, mawe magumu ya Masasi yana nguvu zinazotakiwa, lakini mawe ya namna hiyo mara nyingine yana kwatzi (aina ya madini ya mawe) iliyobanwa inayopigana polepole na alkali ya saruji na kupasua zege baada ya miaka. Yapeleke maabara kabla hujanunua lori la kwanza.

Jambo moja hukuliuliza lakini litakupata: joto la zege lenyewe. Watu wakitaka kufungua kalibu haraka huongeza mvuke, na saruji nayo inajipasha. Miaka ya 1980 mataruma ya Ujerumani na Finland yalipasuka yakiwa tayari njiani kwa sababu yalipikwa kwa joto kubwa mno, na ndani yake fuwele zilikuja kuota baadaye na kulitanua zege. Tangu hapo wengi hawavuki nyuzi 60 ndani ya zege. Kwa hali ya hewa ya Mtwara sioni haja ya mvuke kabisa. Kivuli, turubai lenye maji na kumwaga alfajiri vinatosha.

Ushauri wangu kwa biashara yako ni huu. Mkandarasi wa reli kubwa kwa kawaida hujenga kiwanda chake mwenyewe, kama ilivyofanyika Soga mkoani Pwani, kwa hiyo usikope fedha za vitanda vya kuvutia nyaya kwa matumaini ya zabuni. Anza na vitu vya njia vinavyovumilia nondo: makalavati, mifereji ya nyaya za ishara, mifuniko, nguzo za kilomita. Ukitaka kujifunza mataruma, mwaga machache ya vipande viwili, ununue vishikizo, klipu na pedi kwa watengenezaji wanaotambulika badala ya kuwapa mafundi wa kuchomelea wa mtaani, kisha yapeleke chini ya mashine ya kukandamiza. Mzigo ukipanda, futa ubavu wa zege chini ya kiti cha reli kwa kitambaa chenye spiriti. Uso wote utakauka kwa sekunde chache, na mahali penye ufa patabaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Andika mzigo uliosomeka wakati huo, toa mzigo, ufute tena uone kama mstari unarudi.

Ukipata majibu ya maabara ya mchanga wa Lukuledi na picha za kalibu ulizonazo, yaweke hapa kwenye uzi, nami nitapitia vipimo vya viti vya reli kwanza.