Kwa madogo mnaoanza saiti: Ian Wright alianza na miaka 21, acheni hesabu za umri

Wadogo zangu mlioingia saiti mwaka huu, mchana tukikaa kula nawasikia mkianza ile hesabu, flani nilisoma naye ana gari, flani yuko bandarini anakula vizuri, mimi nina 23 bado napandisha ndoo za udongo. Nimepiga plasta miaka 19 na hiyo hesabu nimeifanya sana tu, nikaja kuiacha baada ya kuifuatilia vizuri stori ya Ian Wright, yule straika wa Arsenal wa miaka ya tisini ambaye nyie mnamjua kama mzee anayecheka sana kwenye tivii. Ndio, mimi ni Gunner, shabiki wa Arsenal, nivumilieni.

Huyu jamaa alisaini mkataba wake wa kwanza wa mpira wa kulipwa Agosti 1985, Crystal Palace, kabakiza miezi mitatu atimize 22. Kwa Uingereza hapo ushazeeka, wenzake wanachukuliwa na klabu wakiwa bado shule. Yeye kabla ya hapo Southend walimkataa, Brighton wakamkataa, akalala gerezani Chelmsford wiki kama mbili kisa faini za gari hakulipa, alikuwa anaendesha bila bima wala kodi. Nyumbani kuna watoto wanataka kula, na kazi ndo hizi hizi zetu, vibarua na plasta. Mpira alikuwa anacheza wa Jumapili huko kusini mwa London, baadae Greenwich Borough wakawa wanampa paundi 30 kwa wiki. Inasimuliwa kwamba Palace walipomchukua, Greenwich walipewa seti ya vyuma vya mazoezi. Vyuma! Afu Septemba 1991 Arsenal wakamnunua kwa paundi milioni 2.5, rekodi ya klabu kipindi hicho, na msimu huo huo akamaliza mfungaji bora wa ligi na magoli 29.

Sasa wengi wakisimulia hii wanaishia kwenye uvumilivu, vumilia dogo utatoboa. Mimi sikubaliani sana, kuna watu wamevumilia saiti miaka 15 na ukuta wao bado una mawimbi. Kilichonigusa mimi ni mwalimu wake, Sydney Pigden. Wright utotoni alikuwa mtukutu, kila saa anatolewa darasani, kusoma na kuandika kunamsumbua, huyu mwalimu akamkuta anazurura koridoni akamchukua, akakaa naye kumfundisha kusoma, akampa kazi ya kukusanya madaftari ya mahudhurio ya madarasa, kitoto ambacho hakuna aliyekuwa anakiamini na kitu chochote. Na kwenye mpira akamwambia goli halihitaji kupasuliwa, mpira unaupasia tu nyavuni, upeleke pembeni kipa asipokuwepo. Angalieni klipu zake Arsenal, lile la kumbetua kipa utulivu wote kama anaweka kikombe mezani, mbegu yake ni hapo.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilikuwa naurusha udongo ukutani kwa nguvu zangu zote, nadhani ndo ufundi wenyewe, nusu unadaka nusu upo chini, saruji ya watu inateketea. Fundi wangu, tulikuwa tunamwita Babu, hakunitukana, aliushika mkono wangu tu akapunguza ule mzunguko, akasema udongo unauweka haupigi, halafu rula, ile ndefu ya kusawazishia, ivute toka chini kwenda juu taratibu huku unaichezesha. Jioni akanikabidhi pima maji na timazi, akasema kuanzia leo hivi vinalala kwako. Mtoto wa watu nililala navyo kweli, chini ya mto. Kwahiyo dogo ukiona fundi anakusimamisha kila dakika usinune, wa kumuogopa ni yule anayekuona unaharibu anakaa kimya mana ameshakufuta kichwani.

Halafu hasira. Wright alikuwa na mdomo na kadi, na zilimgharimu. 1994 nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya na PSG akala njano iliyomtoa fainali, akalia pale pale uwanjani, wenzake wakaenda Copenhagen wakaifunga Parma 1-0 goli la Alan Smith yeye yupo kavaa suti. Mimi nilimjibu vibaya mwenye nyumba mmoja kisa kaniambia kona haijakaa, na kweli haikukaa, nikapoteza nyumba nzima vyumba sita.

Ila huyo huyo fainali ya Kombe la FA 1990, bado yuko Palace, katoka kuvunjika mguu, kaanzia benchi, Palace wako nyuma 2-1 dhidi ya Manchester United, kaingia kafunga, muda wa nyongeza kafunga tena, ikaisha 3-3. Marudiano walifungwa 1-0, mpira ndo ulivyo.

Na Septemba 1997 na Bolton, anaisaka rekodi ya Cliff Bastin ya magoli 178 ndani ya Arsenal, ndani kavaa fulana ya namba 179. Kafunga la kwanza, ambalo ni la kusawazisha tu, mzee kapandwa na furaha kaivua jezi anaonyesha 179! Bahati yake la pili lilikuja muda si mrefu, tena la kusukumia tu mstarini. Aliishia 185 mpaka Thierry Henry alipokuja kumpita 2005.

Mwaka huo huo 2005 ndo walimkutanisha na Pigden pale Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, yeye akiamini mwalimu alishafariki zamani. Anageuka anamuona, mkono unaenda kichwani unatoa kofia, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, machozi yanamtoka.

Babu wangu yupo Muheza, ameacha kazi, mgongo. Nilienda mwezi wa nne, nimevua kofia hata bodaboda haijasimama. Tumekunywa chai akanipeleka nyuma kuna chumba kakipiga plasta mwenyewe, akanipa rula nikague. Nikaipitisha, nikamwambia shikamoo tena Babu, ila hapa chini ya dirisha pana tumbo. Akanyamaza kidogo, afu akaita mjukuu alete mwiko.