Chai ya saa kumi ya Waingereza: niliaibika mimi, wewe usiaibike

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja yuko Plymouth, mji wa huku huku Devon, Uingereza, ninakoishi mimi, ana miezi minne tu tangu atue na anafanya kazi ya kuangalia wazee kama nilivyoanza mimi. Anasema wenzake kazini wamemwalika Jumamosi wakanywe ile chai yao rasmi ya alasiri kwenye mkahawa wa chai, sasa ananiuliza, dada, ni chai tu au kuna mengine? Nikacheka peke yangu kwenye basi, halafu cheko likanikauka, maana swali hilo ndilo nililotakiwa kuuliza mimi mwaka wa 2016 na sikuuliza.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, chai ya saa kumi naijua tangu sijaota meno. Alasiri ikishaswaliwa mama anateleka sufuria, maji na maziwa na majani na tangawizi na iliki vyote vinachemka pamoja mpaka ile rangi ije, pembeni kaimati au mkate wa sinia, basi maisha yanaendelea. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi kwenye maghala ya chai Shimanzi, anarudi nyumbani nguo zote zanuka majani, anatuambia leo tumepakia PF1, yaani ile chai ya chenga ndogo ndogo, hiyo yaenda kwa Waingereza. Kwa hivyo nilipoalikwa na wenzangu hapa Devon nikajiambia, chai? Mimi nifundishwe chai? Nikala wali wangu wa nazi na samaki saa saba nikashiba sawasawa, nikaenda zangu.

Kumbe ile si chai, ni karamu jamani. Inaletwa sahani ya ghorofa tatu. Chini sandwichi nyembamba kama vidole, zimekatwa kingo zote, za matango, za mayai, za samaki, katikati skonzi, juu vikeki vya rangi rangi. Inasemekana mambo haya yalianza miaka ya 1840 na Anna, mke wa Duke wa Bedford, chakula cha usiku kilikuwa kinachelewa mpaka saa mbili hivi na tumbo lake halisubiri, basi akawa anaagiza chai na vitafunio chumbani, baadaye akaita na rafiki zake wa kike. Njaa ya mtu mmoja ndiyo iliyoniponza mimi nimekaa pale nimeshiba mpaka kooni naangalia ghorofa tatu za chakula.

Sasa hizo skonzi. Kwetu skonzi ni ile mikate laini ya pakiti unanunua dukani. Yao ni kitu kingine, inamong'onyoka mkononi, na inaliwa kwa jemu na krimu nzito ambayo mimi nilipoiona nikasema aah, hii si malai! Na ni malai kweli, maziwa ya mafuta yanapashwa moto polepole mpaka utando upande juu unaganda. Basi nikakata skonzi kwa kisu, nikapaka jemu, nikaweka malai juu, nikafunika na kile kipande kingine nikaishika kwa mikono miwili kama baga, nikauma. Malai yakatokea ubavuni yakaniangukia kwenye buibui. Meza nzima kimya. Halafu mmoja, sitamtaja, akaniambia kwa ile sauti tunayowasemesha wazee wetu kazini wakikataa dawa, "Hapa Devon, mpenzi, malai kwanza, jemu baadaye."

Mwezi mzima wakaniita Jemu. Ati mzaha. Miaka yote hii na mpaka leo nikifungua kopo la jemu asubuhi namwona yule mama na tabasamu lake.

Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba mkononi nilikuwa nimeshika sandwichi ya nguruwe nikidhani ni ya kuku, ni mwenzetu mmoja Mfilipino aliyenikanyaga mguu chini ya meza, Mungu ambariki popote alipo.

Kwa hivyo mdogo wangu, uliza. Piga simu kabla, sema huli nguruwe, na uwaulize vikeki vina jelatini ya mnyama gani maana vile vya kutikisika mara nyingi vinayo. Wengi wanataka uwaambie siku moja kabla hivi ndiyo waandae, kwa hivyo buking ni lazima na hapo hapo unauliza. Usile mchana. Unaanzia chini unapanda, chumvi kwanza sukari mwisho. Skonzi ipasue kwa mkono, kila nusu inaliwa peke yake wazi, HAIFUNIKWI. Chai ikija kwenye buli usimimine papo hapo, ipe dakika tatu nne, na ikiwa nzito omba maji ya moto ya kuongezea, mimi sijawahi kulipishwa. Vikikushinda omba kiboksi ubebe nyumbani, wala si aibu. Nenda saa tisa, usiende saa kumi na moja kasoro, utakuta wanapandisha viti juu ya meza. Na uliza, nimesema uliza?

Shida yetu tulio huku tunajifanya tunajua. Hatuulizi daktari, hatuulizi bosi, tunaitikia ndiyo ndiyo kwa kitu hatujakielewa, tukifika nyumbani tunalia chooni. Kiburi cha nini? Yule mama yangu, miaka sabini na moja, hakwenda shule kubwa, ndiye aliyenifunza.

Alikuja mwezi uliopita kunitembelea nikampeleka kijiji kimoja pembezoni mwa Dartmoor, ile nyika ya huku Devon, pauni 24 kwa mtu, nimevaa vizuri, nimempa mafunzo njia nzima, malai kwanza mama, usifunike mama. Buli lilipoletwa akafunua kifuniko akachungulia ndani. Akaniuliza, "Haya majani yamechemka saa ngapi?" Nikamwambia hayachemki mama, yanatiwa maji moto tu. Akasema, "Basi wametuletea chai mbichi." Nikataka ardhi ipasuke. Akampungia mkono yule binti anayehudumu, akaniamuru nitafsiri, aletewe maziwa ya moto, haya ya baridi yanaua chai. Mimi natafsiri huku natazama sakafu. Yule binti akasema sawa, akaenda, akarudi na kijagi cha maziwa yanatoa mvuke, hakununa wala nini. Mama akatia vijiko vitatu vya sukari, akakoroga, akanusa. "Hii ya Shimanzi," akasema, "hii ndiyo ile ya kaka." Wallahi inawezekana, chai ya Kenya imejaa kwenye majani yao hawa, ila kwenye pakiti wanaandika tu majina yao.

Halafu akavunja skonzi, bila malai bila jemu, akaichovya kwenye chai. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Haya, binti wa Plymouth, nguo safi tu inatosha, zawadi hawatarajii, na kila mtu huwa anajilipia chake labda waseme vingine, uliza hilo pia. Ila ule mji wenu uko mpakani, ukivuka mto Tamar tu uko Cornwall, jimbo la jirani, na huko jemu ndiyo kwanza, malai juu, na wanagombana kweli kweli, kwa hivyo kabla hujashika kijiko waulize nani anatoka ng'ambo ipi. Ukirudi niandikie. Na kama yuko mmoja akakuita Jemu, niandikie jina lake.