Shangazi, nimechoka kula karoti za kuchemsha

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nimeolewa, nina mtoto wa miaka 7. Nilikuwa nasumbuliwa na tumbo kujaa na gesi yenye harufu ya yai viza, hadi nikawa naona haya kukaa karibu na watu. Daktari akaniambia nipunguze vyakula vyenye salfa kwa wiki chache, kisha nirudi. Sikurudi. Nilipata orodha kwenye intaneti nikaifuata yote: nikaacha kitunguu, saumu, kabichi, mayai, nyama, samaki, maziwa na maharage. Gesi ilipungua. Sasa ni mwezi wa 5. Nimepungua kilo 9, nywele zinabaki kwenye kitana, na chakula changu ni wali na karoti za kuchemsha. Mume wangu hali mchuzi usio na kitunguu, kwa hiyo napika sufuria mbili, halafu nakula peke yangu jikoni. Wifi yangu anasema najidekeza. Juzi mwanangu kaniuliza, "Mama, kwa nini huli na sisi?" Nikakosa la kumjibu. Nifanyeje angalau chakula hiki kiwe na ladha? Mama Karoti.*

Marahaba, mwanangu. Nilipoanza kusoma barua yako nilidhani nitakujibu kwa mapishi tu. Nilipofika kwenye kilo 9 na nywele za kwenye kitana, nikaona mapishi yatangoja kidogo.

Rudi kwa daktari wiki hii. Uliambiwa wiki chache, wewe umekwenda miezi 5, na ile miadi uliyoiacha ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya tiba. Mweleze uzito uliopungua na nywele zinazodondoka, akupime damu, maana nywele hudondoka kwa sababu nyingi na upungufu wa madini ya chuma ni mojawapo. Kama umeona damu chooni, kama una homa, au kama tumbo linakuamsha usiku, usingoje miadi. Na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe.

Sasa tuzungumze juu ya hiyo salfa unayoikimbia. Umewahi kusikia harufu ya unywele ulioshika moto? Ile ni salfa. Nywele na kucha zimejengwa kwa protini iitwayo keratini, na keratini imejaa sisteini, asidi amino (tofali la kujengea protini) yenye salfa. Ipo na nyingine, methionini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza hata kidogo, usipoila, huna. Hata vitamini B1 na B7, iitwayo biotini, zina salfa ndani yake. Kwa hiyo hakuna mlo wa binadamu usio na salfa kabisa, na anayeutafuta atajikuta pale ulipo wewe, na kitana kimejaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anahitaji miligramu 15 za methionini na sisteini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 900. Yai moja lina kama 300. Kwa protini kwa jumla, kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kilo, yaani gramu 48 kwa mtu huyo huyo. Sahani ya wali mtupu inakupa gramu 5 hivi, na karoti ni kama hazikupi kitu. Ukila sahani nne kwa siku hujafika hata nusu. Ndiyo maana sitakupa mapishi ya kukuwezesha kuendelea hivi hivi. Anza kurudisha protini leo: kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja chako, gramu 100 hivi, kina protini gramu 20 na zaidi. Kula nusu mchana, nusu usiku, kama kipande kizima kinakutia hofu. Hofu yako naielewa. Mtu aliyekwisha kuaibika kwa tumbo lake hawezi kuambiwa "kula tu".

Hiyo orodha ya intaneti nayo ina kasoro, na kwa lugha yetu kasoro hiyo inazidi, kwa sababu neno salfa tumelibebesha mambo matatu. Kuna salfa iliyo ndani ya chakula chenyewe, kwenye protini, vitunguu na jamii ya kabichi. Kuna dawa za salfa; mwenye mzio wa dawa hizo anaweza kula yai bila wasiwasi, maana ni kitu kingine kabisa. Na kuna salfaiti, vihifadhi vinavyotiwa kwenye mvinyo, matunda makavu na baadhi ya juisi, ambavyo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1986 kutia salfaiti kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi, na huko, kama ilivyo Ulaya, kifungashio lazima kizitaje zikifika miligramu 10 kwa kilo. Kwenye lebo utaziona kama E220 hadi E228. Wewe hukutaja pumu wala kubanwa kifua, kwa hiyo hilo tuliache. Wapo pia waliozaliwa na magonjwa ya kurithi ambayo huwalazimu kupunguza methionini maisha yao yote, lakini hao hupewa protini maalumu na hupimwa damu mara kwa mara. Hakuna aliyekuambia kwamba una ugonjwa huo.

Gesi yako huitwa haidrojeni salfaidi. Hutengenezwa na bakteria wa tumboni wanapopata salfa ya kuchezea, na kila mtu anayo kiasi. Kupunguza salfa ili kuituliza ni jambo la kujaribiwa kwa muda mfupi, na ushahidi wake bado ni mdogo. Halafu angalia tena ulivyoviacha. Kitunguu, saumu na maharage vina wanga ambao utumbo mwembamba hauumeng'enyi, nao huenda kuchachuka kwenye utumbo mpana. Maziwa yana laktosi, sukari yake ya asili. Inawezekana kabisa kwamba nafuu uliyoipata ilitokana na kuacha hivyo, na yai na samaki vimefungiwa nje bila kosa.

Kuna jaribio dogo la kumpelekea mtaalamu wako wa lishe, nami nalipenda kwa sababu linafanyika jikoni. Wanga wa saumu, uitwao fruktani, huyeyuka kwenye maji lakini si kwenye mafuta. Vile vitu vya salfa vinavyoipa saumu harufu yake, vyenyewe hupenya kwenye mafuta. Pasha mafuta moto mdogo na punje mbili za saumu zilizopondwa, zitoe na uzitupe zote, kisha pikia mafuta hayo siku hiyo hiyo. Yasiwekwe, hata kwenye friji usiyaamini, kwa sababu saumu iliyolala ndani ya mafuta inaweza kuotesha sumu ya botulizimu. Tumbo likitulia, una sababu nzuri ya kushuku fruktani kuliko salfa. Likichafuka, nalo ni jibu.

Vyakula vingine virudishe kimoja kimoja. Mimi ningeanza na yai: nusu siku ya kwanza, zima siku ya pili na ya tatu, huku ukiandika kwenye daftari ulikula nini, saa ngapi, na tumbo lilisemaje. Hicho kikipita salama, kinabaki mezani na unafuata kingine. Kabichi iache iwe ya mwisho, na ukifika kwake ichemshe kwenye maji mengi uyamwage, kwa kuwa sehemu ya vitu vyake vya salfa huondoka na maji hayo.

Haya, ladha. Kosa la wengi wanaoondoa kitunguu ni kuacha pengo lake wazi. Kitunguu kwenye mchuzi kinafanya kazi kadhaa kwa pamoja: kinaleta utamu, kinaleta ile rangi na harufu ya kukaangika, kinaupa mchuzi uzito. Kila kazi itafutie mfanyakazi wake, na wa kwanza ni karoti hiyo hiyo uliyoichoka.

Jana nimeipika kabla ya kukuandikia. Nilikwaruza karoti mbili kwa upande wenye matundu madogo kabisa, nikazitia kwenye mafuta ya moto mdogo na chumvi kidogo, nikakaa nazo. Dakika tano za kwanza zinatoa maji tu na unaweza kukata tamaa. Usiongeze moto. Kufikia dakika ya kumi na tano mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya machungwa, karoti zimenywea kuwa kama robo ya zilivyokuwa, na kingo zake zimeanza kuwa kahawia. Hapo nikatia kijiko cha nyanya ya kopo na kuikoroga mpaka rangi yake nyekundu ikaiva ikawa ya matofali na ule ukali wa uchachu ukatoka puani. Kisha nusu kijiko cha shamari iliyotwangwa, jira kidogo, tangawizi iliyopondwa, maji, na vipande vya samaki juu. Dakika nane chini ya mfuniko. Nilipoepua nikakamulia ndimu na kumwagia kotimiri iliyokatwa sasa hivi. Ndimu ya mwisho usiisahau hata siku moja. Chakula kisicho na kitunguu wala saumu kikikosa kitu cha kukichangamsha mwishoni, hulala ulimini.

Karoti za kuchemsha nakuomba uachane nazo. Chochote unachokula, viazi, boga, zukini, kichome au kikaange hadi kiungue kidogo kingo, maana huko ndiko ladha iliko. Tango na nanaa viliwe vibichi pembeni, mdomo upate ubaridi. Kuna mambo machache ya kujihadhari nayo katika kipindi hiki cha kujaribu. Utaambiwa utumie mvuje, kiungo chenye harufu kali, badala ya kitunguu. Kwa wanaokimbia fruktani ni ushauri mzuri. Kwako wewe, ile harufu ya mvuje yenyewe ni salfa. Haradali na figili nazo ni ndugu wa kabichi. Na vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya ngozi na viungo vya mwili, kama magoti, visome vizuri. Glukosamini, kwa mfano, mara nyingi huuzwa ikiwa imeunganishwa na salfeti, ambayo nayo ina salfa.

Wifi yako nitampa mistari michache tu. Mtu aliyepungua kilo 9 hajidekezi. Mwambie kwa upole, "Wifi, ninatibiwa, na chakula hiki kina tarehe ya kuisha." Usimweleze habari za gesi kama hutaki; si lazima kila mtu ajue ya tumboni mwako.

Kwa mume, acha kupika sufuria mbili. Pika moja, ile ya karoti na samaki. Kitunguu kikate, kikaange peke yake kwenye kikaango kidogo mpaka kikauke na kulia mdomoni, kiweke kwenye kibakuli katikati ya meza. Yeye ajitilie anavyotaka, hata kibakuli kizima. Wewe unapitisha tu. Utashangaa jinsi chakula kilichokaangiwa kitunguu juu kinavyomridhisha anayedhani lazima kiwe ndani.

Na mwanao alikuuliza swali la haki, mjibu kweli kwa kiasi cha umri wake: mwambie tumbo la mama linaumwa na mnalitafutia vyakula vinavyolifaa, na yeye atasaidia. Mpe kazi ya kuandika kwenye daftari. Ana miaka 7, "yai nusu" anaweza kuliandika. Ili aandike, itabidi akae karibu nawe akuone unavyokula.