Ndiyo, Mamako Alicheza Manchester

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umenichekesha peke yangu jikoni hadi dadako akaja kuuliza kuna nini. Unasema umepita Whitworth Street West ukaona fleti zinaitwa Haçienda, wenzako wakakwambia hapo palikuwa klabu mashuhuri, nawe ukakumbuka mamako alisomea unesi mji huohuo. Kwa hiyo unauliza mambo mawili: je, nilicheza humo? Na je, baba alijua?

Nilicheza, lakini si sana. Haçienda ilifunguliwa Mei 1982 katika jengo lililokuwa duka la mashua, kwa pesa za kampuni ya muziki ya Factory Records na bendi ya New Order. Sasa watu wanaizungumzia utadhani ilijaa tangu siku ya kwanza. Wapi! Miaka ile ya mwanzo ilikuwa baridi, dari juu mno, sauti inagonga kuta na kurudi ovyo, na usiku mwingi ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Nguzo walizipaka mistari ya njano na nyeusi, ile ya tahadhari viwandani. Madonna aliimba pale Januari 1984, mimi niko zamu wodini, wala sijuti. Umati wenyewe ulikuja baadaye, muziki wa house ulipovuka kutoka Chicago na Detroit, na wakati huo nilikuwa nimesharudi Mombasa. Hata walipojaa faida haikuonekana, maana vijana walimeza vidonge vya kulevya na kunywa maji badala ya kununua bia. Ilifungwa 1997, ikabomolewa 2002, jina wakaliuzia fleti.

Sisi tulikuwa watu wa klabu ya Reno, mtaa wa Moss Side.

Nikisema sisi, nina maana manesi wanafunzi kutoka Jamaika, Nigeria na kwetu. Katikati ya mji kulikuwa na milango ambayo ukifika na ngozi hii, baunsa anakwambia leo ni wanachama tu, huku Wazungu wasio wanachama wa chochote wanakupita ubavuni wakiingia. Moss Side hakuna aliyekuuliza uanachama. Reno ilikuwa chini ya ardhi, pembeni mwa Princess Road na Moss Lane East, na juu yake klabu nyingine, Nile. Unashuka ngazi, joto linakupokea, besi inakuingia kifuani kabla hujaona uso wa mtu. Soul, funk, reggae. Ilichangamka hasa klabu za mjini zikishafunga, saa nane za usiku, na wengine walitoka humo jua limechomoza. Wenyeji wake wengi walikuwa watoto wa baba Mwafrika au wa Karibiani na mama Mzungu, ambao huku waliambiwa ni weusi na kule wakaambiwa si weusi vya kutosha. Mle ndani walikuwa nyumbani, na sisi wageni wakatuachia nafasi.

Ilifungwa 1986 na kubomolewa, pakabaki nyasi. Kisha 2017 mwandishi wa tamthilia Linda Brogan, aliyecheza humo ujanani, akaongoza kazi ya kuifukua, na wanaakiolojia wa kweli! Disko ya mamako imechimbuliwa kama mji wa kale wa Gedi. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Whitworth likaiwekea maonyesho. Ningekuwa na nauli ningekwenda.

Na ukiwa kwenye basi la Oxford Road, tazama pale All Saints. Oktoba 1945 Kenyatta na Nkrumah walihudhuria Kongamano la Umajumui wa Afrika katika ukumbi wa Chorlton-on-Medlock. Sehemu yake ya mbele ingali imesimama. Ras Makonnen, aliyekuwa na mikahawa barabara hiyo na baadaye akahamia Kenya, alikuwa miongoni mwa waandalizi. Kwa hiyo usijione wa kwanza kutoka kwetu kukesha mtaa huo.

Ukitaka muziki wa bendi, nenda Band on the Wall, Swan Street. Jina limetokana na jukwaa walilolipachika juu ukutani miaka ya 1930. Ilifungwa 2005 ikafunguliwa tena 2009, na bendi za Afrika hupita hapo. Vaa koti.

Kuhusu baba yako: hatukuwa tumejuana. Lakini muulize yeye 1984 Jumamosi usiku alikuwa akicheza wapi pale Mombasa, na nani, halafu unipigie simu.

Mamako